Mlango wa Chama

Mtu mmoja akiwa na haja huweza kuvumilia kimya. Chama cha watu hakiwezi. Chama kisichosikiwa ni kama ngoma iliyotundikwa ukutani: mlio umo ndani yake, lakini hapana achezaye. Kwa sababu hiyo, tangu watu walipoanza kuungana ili wachimbe kisima, wajenge shule, wazikane au wadai haki, wamehitaji vitu viwili pamoja: kazi ya kufanya, na njia ya kuwajulisha wengine kazi hiyo. Kazi bila habari hufia mikononi mwa wachache, na habari bila kazi ni udanganyifu.

Wahenga walisema kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Msemo huu ni wa kweli sokoni, ambapo mnunuzi hulishika chungwa akalipima kwa mkono wake. Lakini chama cha wema hakiuzi machungwa. Wasaidizi wake wako mbali, wanachama wake wametawanyika, na wale wanaouhitaji msaada wake pengine hawajui kuwa kipo. Chama chema kikinyamaza kwa kuona haya ya kujitembeza, mahali pake hushikwa na chama cha maneno matupu. Insha hii yaeleza safari ya vyama vya watu nchini Kenya katika kutafuta sauti, tangu siku za waya hata siku hizi za tovuti na mitandao ya kijamii. Katika safari hiyo tutakutana na maswali matatu ambayo kila chama huulizwa, ama kwa upole ama kwa ukali: Nani amewatuma? Fedha zetu zi wapi? Na habari mnayoisimulia ni ya nani?

Mwaka 1921 palikuwa na kijana mmoja mjini Nairobi, jina lake Harry Thuku, aliyekuwa mwendesha simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Kazi yake ilikuwa kuwaunganisha watu wengine wapate kusemezana, ilhali yeye na watu wake hawakuwa na waya wowote wa kuwafikia watawala. Mwaka ule walowezi walikubaliana kupunguza mishahara ya Waafrika kwa thuluthi moja. Kodi ilikuwa nzito, na kipande kilimfuata mwanamume mfanyakazi kila aendako. Thuku na wenzake wakaunda chama, kisha wakakipa jina la East African Association ili kisiwe cha kabila moja. Mwezi wa Julai walikutana, wakayaandika malalamiko yao, wakayapeleka London kwa simu ya maandishi, moja kwa moja kwa wakubwa wa serikali ya Uingereza.

Ghadhabu iliyofuata haikuwa juu ya malalamiko peke yake, bali juu ya njia pia. Desturi ya utawala ilikuwa kwamba neno la mwananchi lipande ngazi, kutoka kwa chifu hata kwa mkuu wa wilaya, na katika kila kipandio lipunguzwe makali. Kijana huyu aliiruka ngazi yote. Baadhi ya machifu wakamkana, wakasema kwamba hakutumwa na mtu. Tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa, na tarehe 16 umati wa watu ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi kudai afunguliwe. Polisi walifyatua risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Wengine walisema kuwa idadi ilizidi hiyo kwa mbali. Thuku alihamishiwa Kismayu bila kuhukumiwa.

Hilo ndilo swali la kwanza katika umbo lake la kale: Nani amekutuma? Thuku aliweza kulijibu, kwa kuwa alikuwa amezunguka katika mikutano na watu walikuwa wamemsikia na kumkubali. Waya ulibeba maneno, lakini uzito wa maneno ulitoka mikutanoni. Kila chombo kilichokuja baada ya waya kimekuwa na tabia hiyohiyo: hubeba, lakini hakiumbi.

Baada ya waya ikaja karatasi. Mwaka 1928 Kikuyu Central Association kilianzisha gazeti lililoitwa Muigwithania, maana yake mpatanishi, na mhariri wake alikuwa Jomo Kenyatta. Huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa karatasi iliyoitwa Sahifa mwaka 1930, na baada yake, mwaka 1932, gazeti la Al-Islah, akiwahimiza Waislamu wa pwani watafute elimu na watengeneze mwenendo wao. Neno sahifa maana yake ni ukurasa. Msomaji wa leo anayefungua ukurasa wa chama chake katika simu ya mkononi afanya jambo ambalo babu wa babu yake alilifanya kwa karatasi: atazama ukurasa mmoja ajue jamaa zake wanafikiri nini na wanataka nini.

Lakini karatasi ilikuwa na mwenyewe. Mtambo wa kupiga chapa ulikuwa ghali, na sheria ilikuwa mikononi mwa mgeni. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, magazeti mengi ya lugha za Waafrika yalifungwa. Funzo la pili la safari hii ni hilo: sauti ya chama ina usalama kwa kadiri ya usalama wa chombo kinachoibeba. Mwenye chombo akikasirika, au akifilisika, sauti hukatika hata kama wasemaji wangali hai. Funzo hili tutalikuta tena mbele, katika mavazi mapya.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, neno harambee likawa wito wa taifa, na vyama vya wanawake, vya vijana na vya ushirika vikaongezeka. Njia zao za habari zilikuwa baraza la chifu, tangazo baada ya ibada, bango mlangoni mwa duka, na redio kwa waliobahatika. Njia hizi zilitosha kwa jambo la kijiji. Hazikutosha kwa jambo lililohitaji masikio ya nchi nzima au ya dunia.

Jambo la namna hiyo lilitokea mwaka 1989. Ilijulikana kwamba jumba la ghorofa 60 lingejengwa katika Uhuru Park, bustani ya watu wote katikati ya Nairobi. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977 kwa kupanda miti pamoja na wanawake wa vijijini, alipinga. Hakuwa na redio, hakuwa na gazeti, na chama tawala kilikuwa kimoja. Silaha yake ilikuwa barua. Aliandika kwa maofisa wa serikali, kwa mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliyokuwa Nairobi, na kwa mabalozi, akiwauliza kama nchi zao zingekubali bustani zao zifanywe hivyo. Bungeni alitukanwa, na chama chake kikafukuzwa katika jengo la serikali kilimokuwa na ofisi. Hata hivyo barua zilifika, watu wakaanza kuuliza, waliotarajiwa kutoa mikopo wakarudi nyuma, na jumba halikujengwa. Mwaka 2004 mama huyu alipewa Nishani ya Nobeli ya Amani. Hapana budi kila mwanafunzi akumbuke kuwa ushindi wa Uhuru Park ulipatikana kabla ya tovuti kuwako. Chombo kilikuwa kalamu na stempu. Nguvu ilikuwa neno la kweli lililopelekwa kwa mtu anayehusika.

Katika mwaka huohuo wa 1989, mbali sana na Nairobi, Mwingereza aitwaye Tim Berners-Lee, aliyefanya kazi katika maabara ya CERN karibu na Geneva, aliwaandikia wakuu wake shauri la kuunganisha maandishi yaliyokuwa katika kompyuta mbalimbali, ili msomaji aweze kutoka katika ukurasa mmoja na kuingia katika mwingine kwa kugusa neno. Mwaka 1991 tovuti ya kwanza ilikuwa tayari imefunguliwa kwa watu wa nje. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ilitangaza kuwa maarifa haya yatatumiwa na watu wote bila malipo. Tangazo hilo lilikuwa zawadi kubwa kuliko wengi walivyotambua. Kama maarifa hayo yangekuwa mali ya kampuni, kila chama cha mayatima na kila kikundi cha wakulima kingelazimika kulipa ushuru kabla ya kuandika jina lake. Sasa mlango ulikuwa wazi kwa tajiri na maskini. Lililobaki lilikuwa kuufikia.

Kuufikia haikuwa kazi nyepesi. Herufi za mwisho za anwani za Kenya, yaani .ke, zilisajiliwa mwaka 1993, na intaneti yenyewe ikaanza kupatikana Nairobi katikati ya miaka ya 1990. Habari zilipita angani kwa setilaiti, zikawa za polepole na za gharama kubwa. Chama kilichokuwa na barua pepe kilihesabiwa kuwa cha wakubwa. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2009, nyaya za baharini zilipofika Mombasa: TEAMS mwezi wa Juni kutoka Fujairah katika Ghuba, na SEACOM mwezi wa Julai. Pwani iliyokuwa imepokea majahazi ya Ghuba kwa karne nyingi ikapokea sasa shehena isiyoonekana kwa macho. Kabla ya hapo, mwezi wa Machi 2007, M-Pesa ilikuwa imeanza, hata mtu aliyeko kijijini akaweza kupeleka mchango wake bila kupanda basi. Waya na pesa ya simu vilipokutana, chama kidogo kikapata mambo mawili ambayo zamani yalikuwa ya vyama vikubwa: kusemwa mbali na kuchangiwa mbali.

Hata hivyo, jaribio kubwa la kwanza la sauti hii mpya halikungoja nyaya hizo. Lilikuja wakati wa msiba. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, nchi iliingia katika ghasia ambazo zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakayakimbia makao yao. Serikali ilikataza matangazo ya moja kwa moja katika redio na televisheni. Mwanasheria Ory Okolloh, aliyekuwa akiandika habari za siku zile mtandaoni, alipokea taarifa nyingi kuliko alivyoweza kuziandika peke yake. Akaomba wenye ujuzi wa kompyuta watengeneze ramani ambayo mwananchi angeweza kuonyesha palipotokea dhara. Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao waliitika, na kwa siku chache tu za Januari 2008 tovuti ikawa tayari, ikiitwa Ushahidi. Mtu aliweza kupeleka habari kwa kompyuta au kwa ujumbe mfupi wa simu.

Chombo hicho kilitolewa bure kwa wengine, na mwaka 2010, tetemeko la ardhi lilipoivunja nchi ya Haiti, kilitumika kuonyesha mahali palipohitaji msaada. Neno la Kiswahili likaenda mahali ambapo Kiswahili hakisemwi. Lakini jina hilo lilibeba pia onyo. Ushahidi si uvumi. Taarifa iliyopokewa wakati wa ghasia yaweza kuwa ya kweli, yaweza kuwa ya woga, na yaweza kuwa ya uchochezi. Kwa hiyo wale waliokaa nyuma ya ramani walilazimika kupima, kuuliza tena, na kulinganisha. Mwenye kutangaza bila kupima hutia kuni katika moto anaodai kuuzima.

Mwaka 2009 palitokea jambo jingine dogo kwa sura na kubwa kwa maana. Kibera ni miongoni mwa mitaa iliyojaa watu zaidi katika Nairobi. Jina lake latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu, na katika ramani zilizotumiwa na watu wote mtandaoni mtaa huo ulionekana kama mahali patupu: hakuna njia, hakuna shule, hakuna bomba la maji. Mwishoni mwa 2009, kwa mradi ulioitwa Map Kibera, vijana wa vijiji vya mtaa huo walifundishwa kutumia vyombo vidogo vya kupokea ishara za setilaiti. Wakatembea vichochoroni, wakaandika kila zahanati, kila kioski cha maji, kila choo, kila kanisa na msikiti, kila shule, wakaviingiza katika ramani huria ya dunia iitwayo OpenStreetMap.

Kwa nini jambo hili ni kubwa? Kwa sababu mahali pasipoonekana hapahesabiwi, na pasipohesabiwa hapagawiwi. Ofisa anayepanga mahali pa kuchimba mtaro hutazama ramani. Ramani ikimwambia kuwa pale ni patupu, dhamiri yake hulala salama. Vijana wale hawakuomba huruma ya mtu. Waliandika yaliyopo, nayo yaliyopo yakawa hoja. Hapa twaona tofauti kati ya chama kinachojionyesha na chama kinachoonyesha. Cha kwanza hujaza ukurasa wake kwa picha za viongozi wakikata utepe. Cha pili hujaza ukurasa wake kwa habari ambazo jirani yaweza kumfaa.

Twende sasa kwenye swali la pili: Fedha zetu zi wapi? Mwaka 2011 ukame mkali uliikumba Pembe ya Afrika, na kaskazini mwa Kenya watu walikufa njaa. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya pamoja na makampuni na vyombo vya habari walianzisha mchango uitwao Kenyans for Kenya, wakakusudia kupata shilingi milioni 500. Wananchi walituma kwa simu walichokuwa nacho, mwenye kumi kumi, mwenye elfu elfu, na habari zikasambaa katika mitandao ya kijamii kutoka mkono hadi mkono. Lengo lile likapitwa. Wakenya wakajifunza kuwa wao wenyewe ni wafadhili, na kwamba mtu hahitaji kuwa tajiri ili aokoe maisha.

Lakini mchango wa haraka huleta pia mlango wa haraka wa wizi. Mwongo aweza kufungua ukurasa kwa dakika chache, akatia picha ya mgonjwa asiyemjua, akaandika nambari ya simu yake chini. Ndiyo maana methali yetu yasema kuwa mali bila daftari huisha bila habari. Zamani daftari la chama lilifungiwa sandukuni, na mweka hazina alilisoma mara moja kwa mwaka, tena kwa sauti ndogo. Tovuti yaweza kulifanya daftari hilo kuwa la hadhara: tumepokea kiasi hiki, tumetumia kiasi hiki, na hiki ndicho kilichobaki. Chama kinachoweka hesabu yake wazi hakihitaji kuapa kuwa ni kiaminifu. Kisichofanya hivyo, hata tovuti yake ikipambwa kwa rangi zote za upinde wa mvua, kina deni la jibu.

Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote: habari mnayoisimulia ni ya nani? Mwezi wa Machi 2012 shirika moja la Marekani lilitoa filamu mtandaoni, iliyoitwa Kony 2012, juu ya kiongozi wa waasi aliyewateka watoto kaskazini mwa Uganda. Kwa siku chache ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Kwa hesabu ya kutazamwa, hapakuwa na ushindi mkubwa kuupita huo. Kisha filamu ile ikaonyeshwa uwanjani katika mji wa Lira, mbele ya watu ambao vita hivyo viliwapita juu ya vichwa vyao. Walikasirika, na mkutano ukavunjika kwa vurugu. Walitarajia kujiona wao na wafu wao. Walimwona Mmarekani na mtoto wake. Msiba ulikuwa wao, lakini habari ilikuwa ya mwingine. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haikuulizwa.

Hatari hii haiko Marekani peke yake. Hata chama cha hapa nyumbani chaweza kumpiga picha mtoto mwenye nguo zilizoraruka, kikaiweka picha hiyo mbele ya dunia ili wageni watoe fedha. Mtoto huyo atakua. Siku moja atakuwa mwalimu, au fundi, au mama wa watoto, na picha ya njaa yake ingali ikizunguka mtandaoni bila ruhusa yake. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kutangaza picha za wanafunzi wake bila idhini hiyo. Lakini kabla ya sheria kuna haya, na kabla ya haya kuna utu. Kanuni nyepesi ni hii: usiitangaze picha ya mtu mwingine ambayo usingependa yako itangazwe.

Mfano mwema wa watu waliosimulia habari yao wenyewe twaupata Lamu, mji wa mawe uliotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Serikali ilipopanga bandari kubwa na mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 katika sehemu hizo, vyama vya wavuvi, wakulima, wanawake na vijana viliungana kwa jina la Save Lamu. Walikuwa na tovuti na kurasa za mitandao, na kwa hizo walipata marafiki Nairobi na nchi za mbali. Lakini kazi yenyewe ilifanywa vijijini, kwa kukaa na watu na kuwaeleza kwa lugha yao makaa ni nini na moshi wake ni nini. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kuamua mashauri ya mazingira liliifuta ruhusa ya mtambo huo. Sababu yake kubwa yafaa ikaririwe darasani: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, wala hawakupewa kwa wakati habari walizostahili kuzijua. Basi haki ya habari ina njia mbili. Chama chadai kusikiwa, na chadai pia kuambiwa.

Sasa tulirudie funzo la vyombo, lililotupita katika habari za mwaka 1952. Mwaka 2009, huohuo wa nyaya na wa Map Kibera, kampuni ya Yahoo iliifunga GeoCities, mahali ambapo watu wa dunia nzima, na vikundi vyao, walikuwa wamejenga mamilioni ya kurasa bila malipo. Waliokuwa hawakuweka nakala walipoteza jasho lao. Tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika kwa muda wa saa sita hivi, na vyama visivyokuwa na njia nyingine vikawa mabubu kwa saa hizo zote. Ukurasa katika mtandao wa kijamii ni chumba cha kupanga: kina majirani wengi na kelele za kupendeza, lakini ufunguo wa akiba u mikononi mwa mwenye nyumba. Tovuti yenye anwani iliyosajiliwa kwa jina la chama ni kibanda chako mwenyewe. Pengine ni kidogo, tena kiko kando ya njia, ila ni chako. Mwenye busara hukaa sokoni mchana, na usiku hurudi kwake.

Anwani ya tovuti kwa Kiswahili cha siku hizi huitwa kikoa. Neno hili ni la zamani. Wazee wetu walikula kikoa, yaani kila mmoja alikuwa na zamu yake ya kuleta chakula, na wote wakala pamoja. Sina neno lifaalo zaidi kwa jambo hili. Anwani ya chama hulipiwa kila mwaka, habari zake zahitaji kuandikwa upya, picha zake kuchaguliwa, maswali ya wageni kujibiwa. Aghalabu kazi hii huachiwa kijana mmoja ajuaye kompyuta. Kijana apata kazi mji mwingine, aondoka na neno la siri, na tovuti yabaki kama saa iliyosimama, ikitangaza mkutano uliopita miaka mitatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno la siri liwe mikononi mwa watu zaidi ya mmoja, ada iandikwe katika bajeti kama ilivyo kodi ya ofisi, na kila mwanachama awe na zamu yake: huyu aandike, huyu asahihishe, huyu apige picha kwa ruhusa, huyu apokee maswali. Hicho ndicho kikoa cha kweli.

Vijana, yamkini baadhi yenu mtaombwa jioni moja, kwa sababu mmesoma, muutengenezee ukurasa ushirika wa mama zenu au kikundi cha soka cha mtaa. Msianze kwa rangi. Anzeni kwa kukaa chini na wanachama na kuwauliza yale maswali matatu, mkayaandika majibu kwa maneno ambayo bibi asiyejua Kiingereza ataelewa akisomewa. Majibu yakipatikana, ukurasa utajengwa kwa siku mbili. Yasipopatikana, hapana fundi duniani awezaye kuujenga.

Wahenga walisema tena: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tovuti ni mlango. Mlango mbovu huwafukuza wageni wa nyumba njema, na kwa hiyo yafaa utengenezwe vizuri, upakwe rangi, na bawaba zake zitiwe mafuta. Lakini Thuku alikuwa na watu kabla ya kuwa na waya. Maathai alikuwa na miti kabla ya kuwa na barua. Vijana wa Kibera walitembea kwa miguu kabla ya kuandika ramani. Na wavuvi wa Lamu walikaa barazani kabla ya kufika mbele ya waamuzi. Kila mmoja wao alijenga nyumba kwanza, akaufungua mlango baadaye, na mgeni alipoingia alimkuta mwenyeji ndani.